Darubini ya Jicho la Kushoto

Jumatano, 12 Februari 2003. Idi Kubwa

Kitabu hiki cha tarehe ni cha Khole. Wauza dawa wamekigawa kwenye kituo cha afya anakofanya kazi ya uuguzi, naye kaniletea mimi, mumewe, akasema niandike badala ya kununa. Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu Tabora ndiko nilikoshikishwa kalamu, na Kiarabu changu cha kuandika kinatosha kutaja vipuri vya pampu na hakizidi hapo.

Baada ya swala wanaume wa mtaa walikwenda chini ya jabali kupiga shabaha, kama kila Idi hapa Ibra. Jiwe jeupe linawekwa mlimani, kila mtu na bunduki ya babu yake, anayelipata anashangiliwa. Wanawake hawaendi. Wao hukaa juu ya paa na kahawa yao wakisikiliza. Mama yangu, Bi Kuruthum, ana miaka sabini na sita na masikio hayajapata kuzeeka. Anajua bunduki ya kila mtu kwa mlio, na kwa makelele yanayofuata anajua kama kapata au kakosa.

Mimi niliwaambia watu nina pampu imekwama shambani. Pampu ilikuwa nzima. Nilikaa kando yake saa mbili nikiiangalia inavyofanya kazi vizuri.

Niliporudi nikamwamkia Mama. Akaitika marahaba, akanimiminia kahawa, kisha akasema, "Nimehesabu milio yote, mwanangu. Wako sijausikia. Na Idi iliyopita sikuusikia."

Nikasema kazi. Akageukia vikombe vyake.

Ukweli, niuandike hapa maana pengine siuwezi: miaka miwili iliyopita nilikuwa nanoa pangaboi la pampu kwenye jiwe la umeme, kipande cha chuma kikanirukia jicho la kulia. Daktari alikitoa. Ukungu ukabaki. Kwa jicho hilo naona mchana na usiku na watu bila nyuso. Anayejua ni Khole na huyo daktari. Watu wa Ibra wamenijua Thuwaini mpiga shabaha kabla hawajanijua Thuwaini fundi pampu, na mimi sitaki kuwa yule wa pili peke yake.

Ijumaa, 14 Februari

Nyama ya shuwa, ile ya kuokwa shimoni, imebaki nyingi. Wageni. Tumbo.

Alhamisi, 20 Februari

Khole kaniambia niende Al Qabil, kwenye shamba la kina Majid, wana pampu inayovuja. Nimekwenda. Pampu haivuji. Mke wangu kajifunza kwangu uongo wa pampu.

Huyu Majid ni mtoto wa rafiki wa marehemu baba yangu. Kasoma uhandisi Uingereza miaka mitano, karudi na chai ya maziwa baridi na mchezo mmoja wa ajabu. Katika uwanja wa changarawe nje ya mitende amesimamisha wanyama wa bati, kunguru, sungura na panya, kila mmoja ana tundu ubavuni. Nyuma ya tundu kuna kibao. Ukipitisha kirisasi tunduni, mnyama anaanguka. Ukigusa bati lenyewe, kakutazama tu. Bunduki ni za upepo, kama ile niliyonunua zamani kufukuzia ndege kwenye tende.

Ugumu ni kwamba hakuna anayekwambia mnyama yuko mita ngapi. Anaweza kuwa nane, anaweza kuwa hamsini, na kirisasi cha upepo huporomoka upesi. Hairuhusiwi kupima kwa kitu chochote ila darubini iliyo juu ya bunduki yako. Ina gurudumu ubavuni. Unalizungusha mpaka mnyama aonekane wazi kabisa, halafu unasoma namba iliyoandikwa kwenye gurudumu: hizo ndizo mita zake. Gurudumu likikudanganya, umekwisha.

Majid anaeleza kama mwalimu wa darasa la pili. Niliudhika. Tarehe 24 Aprili kuna mashindano Nizwa, timu za watu wanne. Anao watatu, yeye na wanajeshi wawili. Wa nne hana, na atamchukua yeyote atakayeangusha wanyama kumi na wanne kati ya ishirini kwenye jaribio la tarehe 10 mwezi huo huo. Akaninyooshea bunduki yake, "Ami Thuwaini, hebu jaribu." Nikasema kichwa kinauma.

Alipokwenda kuleta chai niliichukua. Niliweka jicho la kushoto.

Niliona tundu la kunguru na kutu ndogo kwenye ukingo wake. Miaka miwili sijaona kitu cha mbali chenye ukingo. Kwa bunduki za jabalini jicho hili la kushoto halinifai, limeshazeeka, haliwezi kuona ncha ya mtutu na jiwe la mlimani kwa wakati mmoja. Lakini darubini inaweka vyote mahali pamoja. Nilirudisha bunduki haraka kama mwizi, nikajifuta macho yote mawili, zima na bovu.

Jumamosi, 22 Februari

Nimemwambia Khole nataka darubini. Kasema alikuwa anasubiri nitamke.

Alhamisi, 27 Februari

Darubini ya rahisi unajua ni mbovu. Ya ghali unajua ni nzuri. Ya bei ya kati ndiyo inayokunyima usingizi, maana kila moja ina uzuri wake na ila yake, na ila hawaiandiki kwenye boksi.

Nimekwenda Bidbid kwa Badar, binamu yangu, mwenye duka pale inapochepuka njia ya Ibra na Sur. Anauza matairi, kamba, mahema na kila kitu mtu anachokumbuka akiwa safarini. Alikuwa na darubini moja ya bunduki kubwa ya kuwindia. Majid alikwishaniambia nisichukue ya kuwindia. Badar akasema, "Ya akhi, hii inavumilia bunduki ya kuulia nyati. Hicho kipuliza upepo chako kitaifanya nini?" Nikaona ana akili kuliko Majid. Nimeinunua.

Jumapili, 2 Machi

Imekufa.

Kirisasi cha sitini hivi. Zile nyuzi mbili za msalaba za ndani zililala upande, na nilipoitikisa darubini kikasikika kitu kinacheza ndani. Nilimpigia Majid simu, jambo ambalo nimelifanya kwa shida. Hakunicheka. Alieleza kwamba bunduki ya moto inapiga teke nyuma tu, na darubini ya kuwindia imejengwa ivumilie hivyo. Bunduki ya upepo ya springi kama yangu inapiga nyuma, halafu springi inapofika mwisho inapiga mbele. Hilo teke la mbele ndilo linalong'oa vioo.

Mimi fundi. Miaka ishirini na tano nafungua mashine zenye springi. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa na mtu aliyezaliwa mwaka niliooa.

Badar kakubali kuipokea, kanipa hema badala yake. Sasa nina hema.

Alhamisi, 6 Machi

Majid kaniletea kurasa tatu alizotoa kopi kwenye katalogi. Darubini tatu, zote za bei ya kati, zote zinavumilia springi. Dada yake Fawziya anaishi Uingereza, anakuja mwisho wa mwezi, atabeba moja. Moja tu, na hakuna kurudisha.

Ya kwanza inakuza mara thelathini na mbili, ina gurudumu kubwa kama sahani ya kikombe. Ya pili inakuza mara kumi na sita, vioo vyake vinasifiwa kwa uangavu, lakini haina gurudumu la ubavuni. Unazungusha pete ya mbele kabisa, yaani uondoe shavu kwenye bunduki, unyooshe mkono, urudi ulenge upya. Ya tatu inakuza mara ishirini na nne, gurudumu la wastani, vioo vya wastani. Yaani ni darubini isiyo na sifa ya kumsimulia mtu.

Natamani ya kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Natamani ya pili.

Jumapili, 9 Machi

Ya kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Joto limeanza kujitokeza mchana. Khole kasema nikiitaja tena darubini kabla hajanywa chai atahamia kwa binti yetu Yaqeen chuoni Maskati.

Alhamisi, 13 Machi

Leo tumeamua, na sijui niandike "tumeamua" au "kaamua".

Tulikaa kwenye mkeka, kurasa zimetandazwa. Nilimweleza tena ubora wa mara thelathini na mbili. Khole aliniuliza maswali yake ya kituoni, yale anayowauliza kina mama wenye watoto, polepole, moja moja. Mnyama wa karibu ni mita ngapi? Nane. Ya kwanza inaona wazi kuanzia ngapi? Nikatazama. Kumi na nne. Basi wa mita nane utampigaje? Nikaigeuza karatasi upande wa pili. Adhuhuri ukitazama barabara ya Al Kamil, huoni lami inacheza kwa joto? Naiona. Ukikuza mara thelathini na mbili huo mchezo utakuwa mdogo au mkubwa? Mkubwa. Na hii ya kunyoosha mkono mbele, wewe unalengea kushoto sasa, mkono hujauzoea, utarudi palepale kila mara?

Nikamwambia yeye hajapiga bunduki hata siku moja.

"Sijapiga," akasema. "Lakini nimekutazama miaka ishirini na minne ukichagua vitu. Unachagua cha kusifiwa, halafu mimi naishi nacho."

Hilo liliniuma kwa sababu ya friji lenye milango miwili nililolichagua mimi. Ya tatu inaona kuanzia mita nane. Inatulia kwenye joto kuliko ya kwanza, gurudumu liko ubavuni, na bei yake ni ya kiyoyozi kidogo. Nimempigia Majid: ya tatu. Akasema na yeye angechukua hiyo. Mbona hakusema, nikamwuliza. Akasema alidhani nisingemsikia. Kweli nisingemsikia.

Alhamisi, 20 Machi

Vita Iraq. Televisheni inawaka tangu alfajiri, Mama anasoma Qurani. Ndege zinaahirishwa. Sikuthubutu kuuliza habari za Fawziya. Nimeona haya kuwaza darubini siku kama hii, na niliiwaza.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku mzima, wadi, mto wa mvua, umeshuka na kukata njia. Niliokoa pampu mbili, ya tatu imekwenda na maji. Nimelowa mpaka mfupani na sina hamu ya kuandika.

Jumamosi, 29 Machi

Imefika. Fawziya kasema askari wa uwanja wa ndege aliigeuzageuza akadhani ni ya kutazamia mwezi mwandamo. Nyeusi, nzito kama chupa ya mafuta ya nazi, haina makeke. Niliiweka mezani, nikala chakula nikiitazama.

Alhamisi, 3 Aprili

Kila siku nimeamka kabla ya jua. Pale shambani kwetu kando ya mfereji wa falaji mitende imejipanga mstari na kuna nafasi ya mita hamsini na tano. Nimepima kwa utepe na kupigilia vijiti: nane, kumi, kumi na tano, mpaka hamsini. Nimezungushia gurudumu karatasi, na kila kijiti kinapoonekana wazi naandika namba yake kwa kalamu nyembamba ya Khole. Leo nimemaliza. Namba zimekaa vizuri kuliko maandishi yangu yote ya maisha.

Jicho la kushoto linajifunza. Bega la kushoto lina alama ya buluu.

Jumamosi, 5 Aprili

Joto limepanda ghafla. Nimeihamishia bunduki majlisi, chumba cha wageni, nikawasha kiyoyozi na kufunga mlango, darubini nimeizungushia kilemba changu cha Idi. Khole kasema yeye mwenyewe sijapata kumtunza hivyo. Vioo ni vioo, nikamwambia, joto linaviharibu.

Jumanne, 8 Aprili

Alfajiri leo ishirini kati ya ishirini pale falajini. Nimerudia kuhesabu.

Alhamisi, 10 Aprili. Al Qabil

Tisa.

Naandika kirefu kwa sababu siwezi kulala wala kuongea. Jaribio lilianza saa tisa alasiri, changarawe inachoma kwenye nyayo za viatu. Nilikuja na gari kiyoyozi kikiwa juu, bunduki kwenye kilemba, nikawa wa kwanza kupiga. Wanyama watano wa mwanzo walianguka mfululizo. Nilimwona Majid akitikisa kichwa kwa kuridhika, na mmoja wa wale wanajeshi akasema mashallah. Niliwaza nitakavyomwambia Mama.

Kisha sungura wa sita akanitazama. Wa saba. Wa tisa. Ukiacha wanne wa karibu walioanguka, kila kirisasi kinagonga bati chini ya tundu, kila mara chini. Nikalaumu upepo, hapakuwa na upepo. Nikaanza kulaumu jicho. Kufika wa kumi na tano nilikuwa sipigi tena, nilikuwa namaliza tu.

Majid alikuja taratibu, akaniuliza kama mimi kwa asili ni wa mkono wa kulia, maana nashika kila kitu kwa kulia isipokuwa bunduki. Aliuliza kwa wema. Nilimjibu vibaya sana. Nilimwambia kabla hajazaliwa nilikuwa napata jiwe jeupe lililo jabalini kwa bunduki ya marehemu baba, na sihitaji kufundishwa kushika bunduki na mtu aliyejifunza kwenye manyasi ya Uingereza. Nikaondoka bila kunywa kahawa, nyumbani kwa mtu, jambo ambalo ukoo wetu hatulifanyi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Khole auze darubini. Nimewaambia wote hata lile hema naligawa. Mama kauliza kuna nini, nikasema uchovu.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana usiku Khole hakunibembeleza. Aliomba karatasi ya jaribio, ile Majid aliyoandika mnyama kwa mnyama, nani kaanguka na nani kasimama. Nilikuwa nimeikunja mfukoni. Akainyoosha mezani, akavaa miwani.

Kazi ya Khole ni chanjo. Kila asubuhi na kila alasiri anasoma joto la friji la chanjo na kutia nukta kwenye chati, miaka kumi na sita sasa, maana chanjo ikipata joto inakufa na haioneshi kwa macho. Aliitazama karatasi yangu muda mrefu, kisha akaweka kidole kati ya mnyama wa tano na wa sita.

"Baba Yaqeen, hii naijua," akasema. "Hivi ndivyo chati yangu inavyokaa umeme ukikatika."

Sikumwelewa. Akaeleza. Watano wa mwanzo nimewapiga darubini ikiwa bado na baridi ya gari. Baadaye ikapata moto wa jua, na kuanzia hapo nakosa, na nakosa upande uleule. Mtu aliyechoka au kipofu hukosa huku na huku. Anayekosa mahali pamoja kila mara kashikilia kipimo kibaya. Gurudumu nililiandika alfajiri, chini ya mitende, kando ya maji. Halafu nikalilaza kwenye kiyoyozi kama chanjo. Halijapata kuonja joto mpaka Al Qabil.

Nikasema vioo ni vioo. Akasema, "Na chuma je, fundi?"

Chuma kinatanuka. Namwambia hivyo kila mteja anayefunga bomba jua likiwa kali.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku mbili tumefanya kazi. Kipimajoto cha ziada cha kituoni tumekifunga kwenye mwili wa darubini kwa plasta. Kijiti kile kile cha mita arobaini na tano, tumekitazama alfajiri, saa nne, adhuhuri na saa tisa. Khole anaandika, mimi nazungusha.

Alfajiri, nyuzi ishirini na mbili: gurudumu linasema arobaini na tano. Saa tisa juani, nyuzi arobaini na tatu: kijiti kile kile, hakijasogea, gurudumu linasema thelathini na nane. Mita saba za uongo. Ndiyo maana virisasi vyote vilikuwa chini.

Nilikaa kwenye ukingo wa falaji nikacheka peke yangu. Halikuwa jicho.

Jumanne, 15 Aprili

Khole kachora jedwali dogo la safu tatu: baridi, vuguvugu, moto. Kalibandika kwenye kitako cha bunduki, maandishi yake ya chati, hata mtu mwenye ukungu machoni anayasoma. Bunduki tangu jana inalala kwenye veranda. Kilemba kimerudi kabatini, kinanuka mafuta ya mashine.

Alhamisi, 17 Aprili. Al Qabil

Nilikwenda bila kuitwa, saa tisa ile ile. Kwanza nilimwomba Majid radhi, mbele ya wale waliokuwepo siku ile. Halafu nikamwambia la jicho. Sikupanga kulisema. Nilikuwa namweleza kwa nini nalengea kushoto, na likatoka, jiwe la umeme, ukungu, na uongo wa pampu siku za Idi. Mmoja wa wanajeshi aliangalia chini. Majid alisema, "Ami, kwa hiyo tisa zile umezipiga kwa jicho la ugenini?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye kwa jicho lake la nyumbani, siku ya kwanza, alipata nne.

Nilimwonesha jedwali. Alilisoma mara mbili, akaenda kuchukua bunduki yake iliyokuwa juani, akaitazamisha kwenye mnyama anayejua umbali wake. Yake ya ghali nayo inadanganya, mita tatu. Mwaka mzima alasiri zake ni mbaya na amekuwa akilaumu upepo. Uingereza, alisema, hakuna joto la kutosha kulifichua kosa hili. Nilimdhania kijana wa majivuno. Ni mtu anayependa kitu na kuona haya kwa kukipenda, kwa hiyo anazungumza kama kitabu. Mimi ninapoona haya nazungumza kwa ukali. Hatupishani sana.

Aliniruhusu nirudie jaribio. Kumi na sita.

Jumanne, 22 Aprili

Joto arobaini na moja kivulini. Nimefurahi. Sijapata kufurahia joto tangu nije Omani.

Alhamisi, 24 Aprili. Nizwa

Timu tano, wanyama arobaini, uwanja wa mawe nyuma ya mji. Badar kaja kutoka Bidbid kuuza maji baridi na kutuona. Khole alikaa kwenye hema. Ndiyo, lile hema. Ndilo lililokuwa kivuli pekee upande wetu, na wake za wanajeshi wamelisifu.

Asubuhi nilikwenda vizuri, safu ya baridi, halafu vuguvugu. Baada ya swala ya adhuhuri hewa ilianza kucheza juu ya mawe. Nilisikia watu wa timu nyingine wakilalamika kwamba wanyama wamesogezwa. Nikajua darubini zao zimepata moto. Nikahamia safu ya tatu.

Mnyama wa thelathini na nane alikuwa kunguru, kawekwa juu kwenye jiwe, mbali kuliko wote. Gurudumu likasema arobaini na moja. Mkono wangu ulitaka kuamini gurudumu, kwa sababu nimeliandika mwenyewe. Nikasoma maandishi ya Khole: moto, arobaini na moja, hesabu arobaini na tisa. Nikapandisha. Nilipumua. Kwenye kioo hapakuwa na ukungu, palikuwa na tundu na ukingo wake. Nikabana.

Kirisasi kwa umbali ule kina muda wa kusafiri, mdogo, lakini unaujua ukiwa unasubiri. Kisha kunguru akalala.

Sikumbuki kama watu walishangilia. Nilipogeuka Khole alikuwa amesimama nje ya hema juani, mkono mmoja mdomoni.

Thelathini na moja kati ya arobaini. Majid thelathini na nne. Timu yetu imekuwa ya pili. Aliyetushinda ni Nizwa, na wenyeji sharti wale kwanza, ndivyo alivyosema Badar huku akitugawia maji bila kutuuzia.

Ijumaa, 25 Aprili

Tulirudi Mama keshalala. Leo baada ya chai nimemwamkia, nikakaa karibu yake, nikamweleza yote tangu jiwe la umeme. Hakushtuka. Alisema la jicho alilijua siku nyingi, maana nilianza kumimina kahawa nje ya kikombe, na alikuwa akinisubiri nimwambie. Aliuliza tu kama linaniuma. Nikasema haliumi. Akalishika kwa kiganja chake muda kidogo.

Kisha akataka kujua habari za bunduki. Nikamweleza ni ya upepo. Inalia vipi? Nikamwambia hailii, inapiga kofi dogo tu, mtu wa chumba cha pili hasikii. Nilimwona hapo anahuzunika kwa mara ya kwanza.

"Basi Idi ikija n'tajuaje kama ni wewe?"

Nikaenda garini. Jana, tulipokuwa tunafunga vitu, Majid aliwaomba waandalizi wamwachie yule kunguru wa thelathini na nane, akanipa. Nilimwekea Mama mapajani. Alimpapasa mbawa, mdomo, akafika kwenye tundu, akapitisha kidole mpaka kwenye kibao cha nyuma na kukuta doa la risasi lililobapa katikati. Akauliza mita ngapi. Nikamwambia arobaini na tisa.

Akamwita Khole amletee mwiko wa chuma kutoka jikoni. Akamshika kunguru kwa utepe wa shingoni, ule wa kumwinulia akianguka, akamning'iniza hewani mbele yake, akampiga mara moja, kwa nguvu. Bati lililia nyumba nzima, mpaka jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kuna nini.

"Thuwaini kapata," Mama akamjibu kwa sauti, na akampiga tena.